Wauza sola, pandeni paa kabla hamjashika pesa za watu!

Assalaam alaykum jamani. Naandika nina hasira na sitaki kuzificha. Mama yangu, bi mkubwa, yuko Pemba, nyumba ya bati, si mbali na pwani. Mwezi wa Januari amefungiwa paneli nane za sola juu ya paa ambalo hakuna mtu aliyelikagua. Nasema hakuna. Siku ya huo ulioitwa ukaguzi alikuja kijana mmoja na simu yake, akasimama uwanjani saa nane mchana, akapiga picha mbili, akasema "paa safi, hamna kivuli", na jioni ile ile bei ikatumwa. Nusu ya pesa ikatakiwa kabla ya kazi, ikalipwa.

Hamna kivuli! Mashariki ya nyumba upo mwembe mkubwa, mrefu kuliko nyumba mara mbili na zaidi, hatua chache tu kutoka ukutani. Saa nane mchana jua lishaanza kuelekea magharibi, kwa hiyo kivuli cha mwembe kinaangukia shambani kwa jirani. Bila shaka kijana hakukiona. Lakini saa tatu asubuhi jua halijafika hata nusu ya kupanda utosini, kivuli cha mti ni kirefu kuliko mti wenyewe, na chote kimelala juu ya paa la bi mkubwa. Hakiondoki mpaka karibu saa tano. Mtoto yeyote wa mtaa ule angemwambia, maana ndipo wanapochezea asubuhi. Hakuuliza mtu.

Na kivuli kwenye sola si jambo dogo. Paneli zile zimeungwa kwa mfululizo, mkondo mmoja wa umeme unazipitia zote. Ikifunikwa moja, ama inaukaba mkondo wa wenzake, ama diodi zilizomo ndani yake, vijivifaa vinavyoupa umeme njia ya pembeni, zinakiruka kile kipande kilichofunikwa na umeme wake unapotea. Sasa hapa hatusemi tawi moja, ni nusu ya paneli zimo kivulini asubuhi nzima, kila siku ya Mungu.

Kisha upande. Paa lina miteremko miwili, kaskazini na kusini. Wao wamefunga kusini. Nilipouliza kwa nini, jibu nililopewa ni kuwa upande huo unatazama barabara, unapendeza, na gari lilifika karibu kushusha vitu. Jamani! Sisi tuko kusini ya ikweta, Pemba ni kama digrii 5, Unguja kama digrii 6. Kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu. Juni linakuwa limeinama karibu digrii 30 kutoka utosini. Mteremko wa paa la bi mkubwa nimeupima kwa simu, ni kiasi cha digrii 25. Paneli iliyoinama hivyo kuelekea kusini, mchana wa Juni inapokea chini ya asilimia 60 ya miale ya moja kwa moja ambayo ingeipata kama ingelitazama jua. Masika yameisha, mbingu zimefunguka, ndiyo wakati wa kuvuna, na paneli zimelipa jua kisogo.

Nawapa haki yao kwa moja: Disemba na Januari jua liko kusini, na upande huo unafanya vizuri. Ndiyo maana siku ya kukabidhi walituonesha namba nzuri kwenye invata, ile mashine inayougeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, mchana, jua kali la msimu wa kaskazi, wote tukafurahi. Fundi anayeijua kazi yake anajua kwamba namba ya Januari haisemi lolote juu ya Julai. Na niseme pia, kwa paa lisilo na mteremko mkubwa upande hautishi sana huku kwetu, hasara yake kwa mwaka ni ndogo. Ningeweza kulivumilia la upande. La kivuli na la mbao za paa silivumilii.

Mbao ndiyo zilizonitoa machozi. Paneli moja ya kawaida ni kama kilo 22. Nane ni kilo 176, bado reli na vyuma. Ni watu watatu wazima mmewapandisha juu ya paa na mmewaambia wakae hapo miaka 25. Kabla ya kufanya hivyo unaingia juu ya dari, unaziangalia kenchi na mapau, unagonga, unachoma kwa bisibisi. Mdogo wangu ameingia mwezi uliopita kwa sababu ya maji. Bisibisi imezama kwenye pau mpaka kwenye mpini, ikatoka na unga. Mchwa washamaliza zamani. Juu ya pau hilo hilo ndipo zilipofungwa skrubu mbili za reli. Upepo wa kusi ukivuma vizuri unaingia chini ya paneli na kuzinyanyua, haziwi na uzito tu wa kukandamiza, zinataka pia kung'oka. Kilichozishika pale ni bati lenyewe, bati jembamba la zamani lililokwishafifia.

Hayo maji yametoka wapi? Skrubu wametoboa kwenye mabonde ya bati, mule mule maji yanamopita, badala ya kwenye mgongo. Nyingine hazina washa za mpira. Masika yote ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa unachuruzika, kitanda cha bi mkubwa kikasogezwa katikati ya chumba na ndoo ikawekwa pembeni. Na skrubu zenyewe ni za chuma cha kawaida, mita chache kutoka baharini! Zishashika kutu, michirizi myekundu inaonekana mpaka ukiwa barabarani. Nati na skrubu za stenlesi zipo madukani, bei yake ukilinganisha na kazi nzima si kitu.

Sitaacha na hili: paneli zimelazwa zikigusa bati karibu kabisa, mkono haupiti chini yake. Paneli ikishapita joto la digrii 25 inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila digrii. Juu ya bati la moto bila upepo kupita chini, piga hesabu mwenyewe.

Matokeo ni kwamba bi mkubwa anauza barafu za ukwaju kwa watoto wa skuli, na ndiyo sababu kubwa ya kuichukua sola hiyo, maana umeme ukikatika friji linamuharibia. Sasa betri haijai, usiku friji linazima, asubuhi barafu ni maji. Mama wa umri wake anawarudishia watoto pesa zao mlangoni.

Nimewapigia simu. Wanasema udhamini ni wa paneli, paneli nzima hazina kasoro, paa ni lenu. Paa letu, ndiyo! Na nani alisema paa linafaa? Si nyinyi mlioandika "paa linafaa" kwenye karatasi ya bei? Neno hilo mlilitoa wapi kama hamkupanda ngazi? Kama paa halifai, kazi ya fundi ni kusema halifai: badilisheni mbao na bati kwanza, au ukateni mwembe matawi, au tuweke fremu ya chini uwanjani upande ule usio na mti. Uwanja upo! Tungesubiri, tungetafuta pesa, tungefanya.

Na si kwetu tu. Jamaa yangu ana vyumba vya wageni vya makuti huko kusini Unguja, naye aliambiwa kwa simu "inawezekana". Paneli juu ya makuti, kitu kinachobadilishwa kila baada ya miaka michache na kinachoshika moto kwa cheche moja! Mwengine Mji Mkongwe alikuwa karibu kulipa bila ya mtu kumwambia kuwa nyumba za kule zimo kwenye hifadhi, kubadilisha paa kunataka ruhusa ya Mamlaka ya hifadhi hiyo.

Msituambie tunapinga sola. Unguja ilikaa bila umeme mwezi mzima 2008, kisha tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipotushinda. Hatuhitaji kushawishiwa. Ndiyo maana mnapata pesa zetu kwa urahisi, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa.

Tunachotaka kwa hao waliomfungia bi mkubwa ni hiki: waje waziteremshe paneli kwa gharama yao, wazibe na wabadilishe bati walizotoboa, na wazifunge upya kwenye fremu ya chini. Jumamosi tunakaa nao mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa. Kama kuna mtu humu, Unguja au Pemba, ambaye fundi wake alipanda paa na kumpa karatasi ya ukaguzi kabla ya kulipa, yaani hali ya mbao, umri wa bati, kivuli cha asubuhi na cha jioni, naomba aipige picha aiweke hapa, afiche jina lake na namba zake. Nataka niende nayo.