Mrejesho: picha yangu ya jahazi kwenye kalenda ya watu

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje baada ya kampuni moja ya utalii kuchapisha picha yangu ya jahazi, niliyopiga alfajiri ufukweni Bagamoyo, kwenye kalenda yao bila ruhusa. Jina langu pale pembeni walikuwa wamelikata.

Nilidhani sina haki kwa sababu sikuwa nimeisajili. Kumbe Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoumbwa; usajili unasaidia tu kwenye ushahidi. Ushahidi wangu ulikuwa faili halisi kwenye memori kadi, pana kuliko ile ya kalenda: upande wa kulia anaonekana mzee anashona wavu, wao walimkata pamoja na jina.

Wakili alituma barua ya madai. Alieleza kwamba mahakama inaweza kutoa zuio, kuamuru fidia na kukamata nakala. Siku tatu baadaye wakapiga simu, sauti zimelainika kweli!

Tumeandikiana leseni: kalenda ya mwaka huu tu, Tanzania pekee, si ya kipekee (yaani naweza kuwaruhusu na wengine kuitumia picha), jina langu lionekane. Walitaka "haki zote milele" nikakataa katakata, maana hapo ningekuwa nimeiuza kabisa. Malipo yameingia jana, pamoja na fidia ya zile walizokwisha kugawa.

Asanteni sana, hasa dada aliyeniambia nisifute faili halisi. Lile ndilo lililoniokoa.