Shule inayopokea kila mtoto mnailinganishaje na shule inayochagua?

Ndugu wanajukwaa,

Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotoka hujirudia maneno yale yale: shule za binafsi zimetamba, shule za serikali zimeburuza mkia, na walimu wa serikali ni wavivu wanaosubiri mwisho wa mwezi. Mwaka huu nimeyasikia maneno hayo katika kikao cha wazazi, yakitoka kinywani mwa ofisa mmoja wa elimu aliyewasimamisha walimu wa mwanangu mbele yetu na kuwataka waende kujifunza kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza iliyo ng'ambo ya barabara. Baadhi ya wazazi walipiga makofi. Nimekaa na hasira hiyo, na leo naitua hapa, kwa sababu ulinganisho ule ni dhuluma, na anayeufanya kwa cheo chake anajua kwamba ni dhuluma.

Shule ile ya ng'ambo humpokea mtoto baada ya usaili, na fomu ya usaili wenyewe hulipiwa. Mzazi anayeimudu ada yake aghalabu ndiye huyo huyo anayeweza kumnywesha mtoto chai ya maziwa kabla hajapanda basi la shule, kumnunulia vitabu vyote na kumtafutia mwalimu wa jioni. Kisha kuna kitu kinachoitwa wastani. Katika shule nyingi za aina hiyo, mwanafunzi asiyeufikia hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa ofisini na kushauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Serikali imekwisha kuukemea mchezo huo zaidi ya mara moja, lakini unaendelea, kwa kuwa uhamisho huandikwa kana kwamba mzazi ndiye aliyeuomba. Naomba mtu anijibu: mtoto anayeondolewa kidato cha tatu ili asije akaharibu matokeo huenda wapi? Huja shule ya kata, yaani sekondari ya serikali. Hufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa kwetu na sifuri yake huhesabiwa kwetu, huku shule iliyokula ada yake tangu kidato cha kwanza ikitundika bango barabarani kwamba haijawahi kutoa daraja sifuri. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nami niliona ni hatua ya haki, ila mabango hayajashuka.

Anayedhani tatizo ni mwalimu wa serikali atazame shule za serikali zenyewe zinazochagua. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Tabora Boys na Msalato huchukua watoto waliofaulu vizuri zaidi darasa la saba, na hufanya vizuri mwaka baada ya mwaka. Kisimiri, shule ya serikali iliyoko mlimani huko Arumeru, ilishika nafasi ya kwanza kitaifa katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016, mbele ya shule ambazo ada yake mwalimu wa Kisimiri asingeweza kumlipia mwanawe. Mwajiri wa walimu hao ni yule yule na ngazi za mshahara ni zile zile. Vilevile, wengi wanaofundisha katika shule za binafsi wamesoma vyuo vile vile, Butimba, Korogwe, Marangu, Mkwawa, na ajira za serikali zinapotangazwa huomba mbio mbio, kiasi kwamba wamiliki hulalamika kuachwa katikati ya muhula. Siwatetei walimu wote. Wapo wanaosaini daftari la mahudhurio asubuhi na kutoonekana darasani hadi mchana, na hao washughulikiwe. Lakini uvivu wa wachache hauelezi pengo kubwa kiasi hiki.

Sasa tuzungumze fedha, maana hapo ndipo ofisa yule alipopita kimya kimya. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi iliwekwa wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, kuwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani takriban shilingi 10,000 za wakati huo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilichochukuliwa kilikuwa hicho hicho cha shilingi 10,000, ingawa dola 10 zilikuwa zimekwisha kuvuka shilingi 20,000. Katika fedha hiyo, shilingi 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikapelekwa shuleni. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanyeni wenyewe mtapata shilingi 31 hivi kwa mtoto kwa siku, kiasi kisichofika bei ya pipi, na kwa hizo mwalimu mkuu anatakiwa anunue chaki, achapishe mitihani, akarabati madawati, alipe maji na apeleke timu kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Sekondari kiwango ni shilingi 25,000, nacho nusu yake huenda kwenye vitabu. Shule ya ng'ambo ya barabara hutoza kwa muhula mmoja fedha ambayo darasa zima la mwanangu halipati kwa mwaka, na bado tunaambiwa tukajifunze kwake.

Mwalimu mkuu akijaribu kuziba pengo hilo anajiweka hatarini. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na ingawa ufafanuzi ulitolewa baadaye kuhusu michango ya hiari, hofu ilibaki. Hadi leo ukitaja fedha ya uji au ya mlinzi, mzazi mmoja atasimama na kusema elimu ni bure, na wengine watamuunga mkono. Hapa nasi wazazi tuna lawama yetu. Tunachangia harusi za watu tusiowafahamu vizuri kwa kadi za shilingi 50,000, halafu tunagombana kuhusu debe la mahindi litakalomwezesha mtoto wetu kukaa darasani hadi saa nane bila njaa.

Idadi ya watoto nayo ni balaa. Ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto walimiminika shuleni, na ilikuwa haki yao, lakini miaka ile ile ajira mpya zilikuwa zimesitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ukaondoa maelfu ya watumishi wa umma, wakiwamo walimu. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa la mwanangu, pembezoni mwa Dar es Salaam, lina zaidi ya watoto mia moja, na wadogo wa darasa la kwanza na la pili husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mwalimu wa hisabati akitoa maswali matano ana madaftari zaidi ya mia ya kusahihisha kabla ya kesho, hivyo hutoa mawili, au huwaambia watoto wasahihishiane. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19 yalisaidia, nami nayashukuru, ila chumba hakifundishi. Mijini angalau walimu wapo, wengi wao waliohamia kwa kufuata mwenza, na shule za vijijini walizoziacha zimebaki na pengo ambalo hujazwa na vijana wa kujitolea wanaolipwa kwa huruma ya kamati ya shule.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, hizi ambazo mitaani mnaziita Kayumba, husoma sayansi, hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiswahili kwa miaka saba, akaelewa, akafaulu. Januari akifika kidato cha kwanza masomo yale yale hugeuka kuwa Kiingereza, na hupewa wiki chache za kuizoea lugha ambayo mwenzake wa mchepuo wa Kiingereza ameifanyia kazi tangu akiwa na miaka mitano. Kisha wote wawili huwekewa mtihani mmoja. Kijana aliyekuwa akiinua mkono darasa la saba hunyamaza, hukariri majibu asiyoyaelewa, na kufikia kidato cha pili tumekwisha kumwita mjinga. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, haikutekelezwa, na toleo la mwaka 2023 likarudi kule kule: Kiswahili msingi, Kiingereza sekondari. Wakati huo huo Serikali yenyewe ina shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga, na kupata nafasi humo si kazi ndogo. Ama watoto wote waandaliwe kwa lugha watakayotahiniwa nayo, ama watahiniwe kwa lugha waliyofundishwa. Mpango wa sasa unamfelisha mtoto wa maskini kwa ratiba.

Nani atabadilisha haya ikiwa wanaopanga hawana mtoto huko? Ofisa aliyetuhutubia, kwa maelezo yake mwenyewe, anasomesha wanawe shule ya binafsi. Ni haki yake. Lakini asije akawadhihaki walimu wa shule ambayo yeye mwenyewe hakuiamini.

Ninachodai ni mambo mawili tu. Ruzuku ya mwanafunzi ipangwe upya kwa bei za leo, na wabunge watuambie katika Bunge la bajeti ni kiasi gani na kwa hesabu ipi. Pili, shule ya binafsi inayomhamisha mwanafunzi baada ya kuanza kidato cha tatu ihesabiwe matokeo yake ya kidato cha nne, popote atakapofanyia mtihani. Walio na hoja ya kupinga hili la pili wailete hapa, hasa wamiliki wa shule, maana nawajua mmo humu na huwa hamkosi la kusema matokeo yakitoka.