Nimechaguliwa Mazingira SUA, mjomba anasema nitaishia kufagia soko la Mgandini. Naombeni ushauri

Binti wa Sahare

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na wanaolijua hili jambo kwa ndani ndio wanijibu kwanza, utani tuuweke pembeni kidogo.

Nimemaliza fom siksi mwaka huu, mchepuo wa CBG. Kemia D, Baiolojia C, Jiografia C. Divisheni ya pili, pointi 10. Nimechaguliwa vyuo viwili: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, shahada ya Sayansi na Usimamizi wa Mazingira, na Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Jiografia na Mazingira (hii ni BA, shahada ya sanaa). Sasa inabidi nithibitishe kimoja na dirisha linakaribia kufungwa.

Nyumbani hapakaliki. Mama ni mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, yeye anasema popote penye mkopo niende. Mjomba ndiye aliyekuwa akinitumia nauli na matumizi nikiwa bweni, kwa hiyo neno lake lina uzito, na yeye hataki kabisa. "Mazingira ndio nini? Miaka mitatu uje ufagie Mgandini?" Anataka nisome stashahada ya uuguzi. Halafu kuna rafiki wa kaka yangu anasema nibaki hapa hapa Tanga nisome Chuo Kikuu Huria, shahada ya mazingira wanayo, huku namsaidia mama biashara.

Mimi mwenyewe napenda. Nimekua naona mikoko ya huku ikikatwa kuchomea chokaa na wazee wakilalamika samaki wamekimbia, nikawa najiuliza hivi nani kazi yake kulifuatilia hili.

Swali langu: ajira ipo kweli? SUA au Mlimani? Na kwa Kemia ya D nitaweza au nitaenda kukusanya sapu, mitihani ya kurudia?

Nawasilisha.

Bodaboda Msomi

Mdogo wangu, msikilize mjomba. Nina shahada ya mazingira na sasa hivi nakuandikia nikiwa kijiweni Makorora nasubiri abiria. Serikali ikitangaza nafasi tatu, waombaji wanajaza uwanja wa Mkwakwani mzima. Nesi hata akikosa serikalini, zahanati za watu binafsi zipo kila mtaa. Mimi sina chuki na kozi, nina njaa tu.

Mzee wa Mabwepande

Uuguzi. Uzi ufungwe.

Afisa Kivulini

Usifungwe. Naona mnamtisha mtoto wa watu bure.

Nafanya kazi hii kwenye halmashauri moja ya mkoa huu, sitasema ipi. Tuanze na hilo la kufagia. Usafi wa soko una watu wake na mkandarasi wake. Afisa mazingira yupo kwa mujibu wa sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe naye. Siku yangu ya kawaida ni malalamiko ya baa inayopiga muziki hadi alfajiri, mtu anachimba mchanga kwenye kingo za mto, na mwekezaji anayetaka kujenga kituo cha mafuta ukutani kwa shule na anashangaa kwa nini nauliza maswali. Zingine ni makaratasi hadi macho yanauma. Watu wanadhani tunapanda miti na kupiga picha Juni 5. Picha tunapiga, siwezi kukataa, lakini mwaka una siku nyingi.

Sasa penye nyama. Usichague chuo kwa sifa ya jina la chuo, tazama jina la shahada. Tangazo la Sekretariati ya Ajira likitoka huwa linataja shahada zinazokubalika: Sayansi ya Mazingira, Usimamizi wa Mazingira, Uhandisi wa Mazingira. BA ya Jiografia na Mazingira kuna tangazo itakuwemo, kuna tangazo haimo, na mfumo wa kompyuta hauna mlango wa nyuma wa kwenda kujieleza. BA si shahada mbaya. Anayetaka mipango, utafiti wa jamii, au kuja kuwa mwalimu, inamfaa. Wewe umeuliza habari za mikoko na samaki. Nenda SUA. Uhandisi wa Mazingira wa Chuo Kikuu Ardhi usiuote, CBG haina fizikia wala hesabu za juu.

Na ajira si halmashauri peke yake. Miradi mikubwa, ile inayowekwa kundi A, haipati cheti cha mazingira bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na ripoti hizo huandikwa na wataalamu waliosajiliwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ukimaliza chuo hutasajiliwa kesho yake. Utaanza kwa kumbebea mtaalamu begi: wewe ndiye wa kushika GPS, kuhoji wanakijiji chini ya mwembe, kupima kelele na vumbi, na kuandika ile sura ya hali halisi ya eneo ambayo wakubwa hawaipendi. Vijana wengi wanapoanzia ni hapo, na ndipo wanapojulikana. Halafu tazama ulipozaliwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake Chongoleani. Saruji ipo Pongwe. Bandari ipo. Mradi ukishajengwa bado kuna ukaguzi wa mazingira, hauishi siku ya kukata utepe.

Bodaboda Msomi

Mkuu Afisa, maneno mazuri, lakini hizo kampuni za ushauri zinataka uzoefu. Uzoefu utaupata wapi kama hakuna anayekuchukua bila uzoefu?

Afisa Kivulini

Hilo silipingi, ni kweli na linauma. Nikuulize: ukipewa eneo hapo Tongoni uchore ramani ya mikoko iliyobaki, unaweza?

Bodaboda Msomi

Darasani tulisoma, kompyuta zilikuwa za kugombania. Leo siwezi.

Afisa Kivulini

Ndio hapo sasa. QGIS, programu ya kuchorea ramani, ni ya bure, na picha za setilaiti za bure zipo. Njoo faragha, nina kazi ndogo ya ramani inakuja na sina kijana wa kuifanya. Ukiwa na kompyuta ya kuazima inatosha kuanzia.

Mkandaa

Binti, mimi nimepita SUA hiyo hiyo. Nijibu la Kemia.

D yako isikutishe. Ninavyoona, somo linalogawa sapu ni takwimu, kemia inasingiziwa tu. Kemia ya kule ni ya mikono. Mfano kuna kipimo kinaitwa BOD, kinakuambia maji yamebeba uozo kiasi gani. Unachota maji ya mto, tuseme chini kidogo ya machinjio. Chupa ijae pomoni, pasibaki hata kiputo. Unapima oksijeni iliyomo, halafu chupa ya pili ya maji yale yale unaifungia gizani kwenye nyuzi joto 20 kwa siku tano. Unapima tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo waliyoitumia bakteria kumeng'enya uchafu, kwa hiyo ikishuka sana ujue maji yana mzigo. Ukiacha kiputo cha hewa mle ndani, siku tano zimekwenda na maji, unaanza upya. Anayefaulu hapo ni mtu makini, hata kama fom siksi alipata D.

Fildi nayo ni utamu wake. Mti wa kawaida unapimwa unene kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenyewe unakukatalia, maana mizizi yake ya magongo inatokea juu kwenye shina. Huo unapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa ndipo unazungusha utepe. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, hauna usumbufu huo. Sasa wewe mtoto wa pwani utautofautisha mchu na mkandaa na mlilana kabla wenzako wa bara hawajamaliza kukunja suruali. Mhadhiri wangu alikuwa anawajua kwa majina ya Kilatini, mvuvi aliyetupeleka kwa mtumbwi aliwajua kwa matumizi: huu wa boriti, huu wa mataruma ya jahazi. Daftari langu nililijaza kwa maneno ya mvuvi.

Na SUA hawako mbali na kwenu kama unavyodhani. Msitu wa Mazumbai, huko Usambara Magharibi, ni wao.

Mama Wawili Chumbageni

Mwanangu, la Huria nijibu mimi maana nimesoma hapo, kituo cha Tanga. Nilikuwa tayari kazini, nina mshahara, nataka kupanda daraja. Kwa mtu kama mimi ilikuwa rehema. Kwa binti wa umri wako asiye na kazi, anayelala nyumba moja na biashara ya mama yake, nakuonea huruma. Boti zikiingia alfajiri Deep Sea hakuna atakayekuuliza kama una jaribio. Utaambiwa "njoo mara moja tu ushike hii ndoo", na mara moja hiyo ndiyo muhula mzima. Huria inataka ujisukume mwenyewe, wenzako uwaone kwa msimu. Kaitumie ujana wako bwenini, ugombane na watu, ujifunze.

Uuguzi nao nisikie mtu akiufanya kapu la kutupia watoto waliokosa pa kwenda! Ni kazi ya wito, na mgonjwa anamjua nesi aliyesukumwa siku ya kwanza tu. Kama huutaki, mwachie anayeutaka.

Sasa mjomba. Usimjibu kwa simu, na usiende peke yako. Nenda na mama yako au shangazi, jioni, baada ya kula. Usianze na habari za ajira, maana hapo atakushinda. Mwulize maji anayooga yanatoka wapi. Atasema bombani. Mwambie bomba la Tanga linanyonya bwawa la Mabayani, bwawa linajazwa na mto Zigi, na Zigi unatoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki, huko huko Amani. Msitu ukiisha, mto unashuka na tope, na bili ya kusafisha maji inamfuata nyumbani kwake. Mwambie kuna watu kazi yao ni hiyo, na wewe unataka kuwa mmoja wao.

Jarife

Ongezea na silikanti, dada. Samaki ambaye wazungu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, wavuvi wa Kigombe wanamtoa kwenye nyavu za jarife. Ndiyo sababu ya ile hifadhi ya bahari iliyotangazwa 2009. Mjomba kama ni mtu wa pwani hapo lazima atabasamu.

Ila ukisoma, usije ukarudi kutufokea wavuvi. Wasomi wengi wanakuja na karatasi inayosema tusivue hapa, tusivue pale, na karatasi haina mstari wa tule nini. Baruti tulikuwa tunaipinga sisi kabla ya semina.

Binti wa Sahare

Asanteni sana, nimesoma yote hadi usiku. Kaka Jarife nimekusikia.

Tumekwenda kwa mjomba, mimi na mama. La maji ya Zigi lilimfanya aulize maswali mengi, halafu akanyamaza. Mama anasema kwake kunyamaza si kukataa. La silikanti alisema "huyo tuliwahi kumla, hana ladha."

Mimi nimeamua SUA. Mkopo nilishaomba na cheti cha kuzaliwa RITA walishakihakiki. Tatizo namba ya siri ya kuthibitisha chuo haijanifikia mpaka sasa, na siku zinakwisha. Nifanyeje?

Mkandaa

Ingia kwenye akaunti yako ya udahili ya SUA, kuna sehemu ya kuomba namba itumwe tena. Inakuja kwa ujumbe kwenye laini uliyojaza wakati wa kuomba chuo. Ikifika, iingize hapo hapo SUA, Mlimani usiguse kitu. Na hakikisha namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyotumia chuoni ndiyo ile ile uliyoombea mkopo.

Binti wa Sahare

Kumbe! Laini niliyojaza ni ya kaka, na yeye yuko Handeni shambani, mtandao wa kubahatisha.

Mama Wawili Chumbageni

Mpigie sasa hivi, asipopatikana mpigie jirani yake. Sisi wengine tutakusubiri hapa.