MREJESHO: Niliyeuliza kama PCM pointi 4 inatosha kuingia MIT

Wakuu, mwaka jana niliuliza kama kijana wa Igombe, Mwanza, PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), Division One ya pointi 4, ana nafasi MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani. Wengi mlisema jaribu. Nimejaribu.

Majibu yao hutoka Machi 14, siku ya pai ile ya hesabu (3.14, maana wao huanza na mwezi), saa 12:28 jioni kwao. Huku ni saa 7:28 usiku. Nilikaa barazani na bando la kuungaunga, karabai za wavuvi wa dagaa zikimeta ziwani. Nikafungua. Hapana.

Kwa kila waombaji 100 hawachukui hata 5, na sisi wa nje tunabanwa zaidi. Nilichoogopa ni ada, kumbe wakichagua hawaangalii mfuko wako, hata kama ni mgeni. Kilichonivua nguo nadhani ni SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani: hesabu nilipasua, ule ufahamu wa Kiingereza ndio ukanipasua mimi.

Asubuhi mama akauliza, "Wazungu wamesemaje?" Nikamwambia wamekataa. Akanisogezea chai na kiporo cha viazi. "Haya, kula."

Dirisha la udahili likifunguliwa naomba uhandisi UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyeniazima kitabu cha SAT, nakirudisha Jumamosi pale Kirumba.