Kompyuta tatu za mtumba, kazi tatu: nichague programu zipi huria kwa steshenari na banda la gemu?

Mama_Fotokopi
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo karibu na stendi hapa Morogoro, na chumba cha nyuma nimefungua banda la gemu. Kompyuta ninazo tatu, zote mtumba:

Ya mbele ni HP ya Core 2 Duo, ramu 2GB. Inachapa barua, CV na mitihani ya walimu. Ya pili ni Dell ya i5 kizazi cha tatu, ramu 8GB, ndiyo inatunza wateja, madeni na hesabu ya karatasi na wino. Ya tatu ni laptop ya i3 iliyokufa kioo, nimeichomeka kwenye TV, vijana wanacheza.

Zote zina Windows 10 ya kuwekewa na fundi kwa sh. 15,000, mnajua wenyewe. Microsoft walishaacha kuitolea masasisho ya bure tangu Oktoba 2025. Mbaya zaidi, wiki jana umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuhifadhi jedwali la madeni, faili likagoma kufunguka. Madeni ya siku nne yameyeyuka, na wadaiwa wangu kwa kusahau ni mabingwa.

Nataka kuhamia programu huria. Kwenye daftari nimeandika: Linux Mint Xfce au Lubuntu (za kuchukua nafasi ya Windows), SQLite, MariaDB au PostgreSQL (hifadhidata za kutunza madeni), RetroArch, Lakka au Batocera (za kuchezea gemu za zamani). Nilinganishieni kama mnavyomlinganishia mtu anayenunua bando kwa mawazo. Naomba kuwasilisha.

kijana_wa_terminal
Weka Mint zote tatu, lala usingizi. Uzi ufungwe.

FundiRedio
Huyo hapo juu mwacheni, hana mashine ya 2GB.

Dada, tuanze na HP. Kwanza hakikisha ni ya biti 64. Fundi wako huenda aliweka Windows ya biti 32 na wewe ukaamini mashine ndiyo ya 32. Washa Linux yoyote ya biti 32 kutoka kwenye flashi, hata antiX, fungua terminal (dirisha la kuandika amri), andika `lscpu`, tazama mstari wa op-mode. Ukiona 32-bit na 64-bit pamoja, umepona. Core 2 Duo zote ni 64. Nasisitiza kwa sababu Mint iliacha biti 32 tangu toleo la 20 mwaka 2020, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32.

Sasa dekstopu, yaani sura ya skrini na menyu zake: Xfce ya Mint au LXQt ya Lubuntu? Watu wanagombana sana juu ya megabaiti mia hapa, mia pale. Nimezisakinisha zote mbili kwenye mashine za 2GB, na ukweli ni kwamba kinachomaliza ramu ni brauza. Ukifungua vichupo sita na WhatsApp ya wavuti juu yake, LXQt haikuokoi wala Xfce haikuzamishi. Washa zram, inabana kurasa za kumbukumbu ndani ya ramu yenyewe, utaona tofauti kubwa kuliko kubadilisha dekstopu.

Kura yangu ni Mint Xfce. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi 2029. Menyu iko kushoto chini kama alivyozoea binti wa dukani. Lubuntu si mbaya, ila Firefox ya Ubuntu inakuja kama snap (kifurushi kinachobeba vitu vyake vyote ndani), na kwenye diski ya kuzunguka inafunguka kwa uvivu. Mint wanaileta kwa deb, kifurushi cha kawaida cha kusakinishia programu.

Na printa yako ni ipi? Uliza hilo kabla ya yote. Mimi nilihamisha ofisi nzima siku moja, jioni ndipo nikagundua printa kuu haina dreva ya Linux ya maana. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nipate muda wa kufikiri.

Mama_Fotokopi
Printa ni HP LaserJet. Nimeiwasha kutoka kwenye flashi ya Mint, imejitambulisha yenyewe. Asante fundi.

Mwl_Chaki
Mimi ni mmoja wa hao wanaoleta mitihani. Tahadhari moja: mteja analeta CV ya ukurasa mmoja, ukiifungua kwa LibreOffice mistari miwili inaruka ukurasa wa pili, mteja anakuona hujui kazi. Tatizo ni fonti. Calibri na Cambria ni za Microsoft, hazimo kwenye Linux. Sakinisha Carlito na Caladea, zimechongwa kwa upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Arial na Times New Roman zinabebwa na Liberation, ambazo kwa kawaida zipo tayari. Hati mpya za Office zinakuja na Aptos, hapo mwombe mteja alete PDF.

Kisiwani88
Assalaam aleikum. Mnazungumza dekstopu wakati maumivu ya dada ni madeni. Dada, suali moja tu: anayeandika madeni ni nani, na anaandika kwa mashine ngapi?

Mama_Fotokopi
Waaleikum salaam kaka. Mimi kwenye Dell, na binti wa kaka yangu kwenye HP ya mbele. Nilikuwa nafikiri niweke faili moja la SQLite kwenye folda ya kushirikiana, wote tuandike.

Kisiwani88
Hapo ndipo niliposhtuka. Usifanye hivyo.

SQLite ni maktaba ndogo, haifiki hata megabaiti moja au inazidi kidogo tu, na hifadhidata nzima ni faili moja. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 na ameitoa kwa umma bila leseni ya kukufunga. Umeme ukikatika katikati ya muamala, ikifunguka tena inatazama jarida lake (faili la pembeni la kumbukumbu ya muamala), inatupa kilichokuwa nusu, inabakisha kilichokamilika. Kwa duka la mtu mmoja sioni cha kuishinda. Lakini inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na inategemea kufuli za mfumo wa mafaili. Kufuli hizo juu ya folda za mtandao haziaminiki, na wenye SQLite wenyewe wanaonya. Modi ya WAL, inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ndiyo kabisa, haifanyi kazi kupitia mtandao. Siku moja utafungua faili ukute limeharibika, urudi kulekule kwa jedwali lako.

Kama lazima muandike wawili, basi seva, programu moja inayopokea maandishi ya mashine zote: MariaDB au PostgreSQL juu ya Dell, HP iunganishwe kwa waya.

posgre_au_kifo
PostgreSQL. Hakuna mjadala. Imetoka chuo kikuu cha Berkeley kwa Profesa Stonebraker tangu 1986, ukimwambia safu ni namba inakataa neno. MariaDB ni mtoto aliyetoroka nyumbani kwa MySQL.

FundiRedio
Mtoto aliyetoroka ndiyo, ila alikuwa na sababu. Sun waliinunua MySQL mwaka 2008 kwa dola bilioni moja, Oracle wakawa wanainunua Sun, Widenius, mwanzilishi wa MySQL, akaogopa akaanzisha MariaDB 2009. Jina ni la binti yake mdogo, MySQL ilikuwa ya mkubwa. Hadithi ni tamu lakini haimlipi mama yetu deni.

Kwa kazi yake zote mbili zinatosha kupita kiasi, na 8GB hazitashtuka. Tofauti atakayoiona ni ya matengenezo. PostgreSQL kila toleo kubwa linataka uhamishe data kwa pg_upgrade au umwage na kupakia upya. Mtu anayeuza fotokopi hana muda huo. MariaDB unasasisha, unaendesha mariadb-upgrade, unaendelea na maisha.

posgre_au_kifo
Anaweza kumwaga kwa pg_dump kila jioni, dakika moja. Kwani hafungi duka?

Kisiwani88
Nyote wawili mnamjengea kiwanda mtu anayetaka kinu. Wadaiwa wangapi dada? Arubaini? Mwache binti aandike kwenye daftari la karatasi, nawe jioni uingize kwenye Dell kwa SQLite, ukitumia programu huria ya DB Browser. Mwandishi mmoja, faili moja, nakala kwenye flashi. Siku duka likiwa na madawati matatu ndipo uite seva.

Ila nakusihi: kwenye DB Browser ukiandika mstari, haujaandikwa. Mpaka ubonyeze Write Changes, au Ctrl na S. Kabla ya hapo mabadiliko yanasubiri, na umeme ukienda yanakwenda nao. Bonyeza kila baada ya mdaiwa mmoja, usingoje kumaliza ukurasa. Na nakala usiichukue kwa kukokota faili huku programu iko wazi. Ifunge kwanza.

Mama_Fotokopi
Wadaiwa thelathini na saba, na mmoja ni Mwl_Chaki 😂

Mwl_Chaki
Mshahara ukitoka mama. Tuendelee na mada.

bando_limeisha
Nina neno kuhusu vifurushi, vya programu na vya simu, maana lugha yetu imeviita jina moja na vyote vinaniumiza. Flatpak ni njia moja ya kusakinisha programu za Linux: programu ya kwanza inavuta na msingi wake, mamia ya MB. Ya pili na ya tatu zikitumia msingi uleule, nafuu. Kwa apt, amri ya kawaida ya kusakinishia deb, unashusha kidogo kidogo.

Kama una mashine mbili za Mint za toleo moja, usipakue mara mbili. Sakinisha ya kwanza kwa `apt-get`, kisha kopi mafaili ya deb kutoka `/var/cache/apt/archives` kwa flashi hadi kwenye ya pili. Nasema apt-get makusudi: kwenye Debian na Ubuntu, amri ya `apt` tupu hufuta deb ikishamaliza. Nililijua hilo baada ya GB mbili kwenda na maji.

mzee_wa_kaseti
Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Gemu.

Lakka ndiyo nyepesi. Ni LibreELEC (Linux ndogo ya kuchomeka kwenye TV) iliyobeba RetroArch, programu ya kuendeshea emyuleta, yaani programu zinazoiga mashine za gemu za zamani; ukiwasha inaingia moja kwa moja kwenye menyu, ila ukitaka kurekebisha kitu utahangaika. Batocera unaiandika kwenye flashi, unawashia hapohapo, diski ya ndani haiguswi, ina picha za majalada, vijana wataipenda. RetroArch juu ya Mint ni ya mtu anayetaka laptop ifanye na kazi nyingine mchana.

i3 yako itacheza PS1 bila jasho. PlayStation ya kwanza ilikuwa na prosesa ya megahezi 33.8 na ramu ya 2MB. PSP nayo kwa emyuleta ya PPSSPP sawa. PS2 usimwahidi mtu: PCSX2, emyuleta yake, kwa sasa inadai SSE4.1 (aina ya maagizo ya prosesa), hiyo i3 inayo, lakini grafiki ya ndani itakuaibisha mbele ya wateja.

Ukichukua RetroArch ya apt, usishangae kukosa menyu ya kupakua viini, yaani emyuleta zinazoendeshwa ndani yake. Debian na Ubuntu wameizima. Viini unavisakinisha kama vifurushi vyenye majina yanayoanza na libretro. Na TV yako iweke kwenye modi ya gemu, la sivyo kijana atabonyeza leo mchezaji aruke kesho.

Leseni_Kwanza
Wakuu mmesahau kitu kikubwa. Mama anatoza hela kwa dakika.

Si kila kilichowekwa wazi ni huria. Msimbo wa emyuleta ya Snes9x unausoma, lakini leseni inakataza matumizi ya biashara. Genesis Plus GX hivyohivyo, FinalBurn Neo hivyohivyo. Batocera inavibeba vyote hivyo ndani. DuckStation, ya PS1, ilikuwa GPL (leseni huria inayoruhusu biashara), mwaka 2024 ikahamia leseni isiyoruhusu biashara. Kwa banda linalolipisha, viini salama ni hivi: bsnes au Mesen-S kwa Super Nintendo, BlastEm kwa Mega Drive, mGBA kwa Game Boy Advance, PCSX-ReARMed kwa PS1. MAME, ya mashine za gemu za sarafu, nayo zamani ilikataza biashara, tangu Machi 2016 ni huria kweli.

Hapo bado sijagusa gemu zenyewe na BIOS ya Sony, programu ya ndani ya PlayStation. Emyuleta kuwa huria hakufanyi diski ya gemu kuwa ya bure.

mzee_wa_kaseti
Wewe ndiye yule anayesoma masharti kabla ya kubonyeza nimekubali.

Leseni_Kwanza
Na ndiye yule ambaye hajafungiwa banda.

Mama_Fotokopi
Kaka Leseni umenitisha, lakini afadhali nimetishwa na wewe. Sasa vijana wacheze nini basi?

Leseni_Kwanza
SuperTuxKart, mbio za magari, GPL, watu kadhaa kwenye TV moja ikigawanywa vipande. Freedoom kwa wapenda bunduki. Hizo toza hela bila kugeuka nyuma.

Mama_Fotokopi
Mrejesho baada ya siku tisa. HP ina Mint Xfce na zram, CV ya jana imetoka ukurasa mmoja, Carlito hoyee. Laptop ina Mint pia, deb nimehamisha kwa flashi kama alivyosema bando_limeisha. SuperTuxKart nilidhani watainunia, sasa wanapanga foleni, mmoja wa bodaboda anadai Tux, yule pengwini wa gemu, anamwibia kwenye kona. Mbili za PS1 nilizonunua halali kitambo nazo zipo, kwa PCSX-ReARMed. Dell ni SQLite, naandika peke yangu jioni. Samahani posgre_au_kifo.

posgre_au_kifo
Nitakusubiri kwenye dawati la tatu.

Mama_Fotokopi
Kha, umeme umekatika hapahapa, naandika kwa simu. Nilikuwa nimeingiza wadaiwa watano. Ngojeni.

Kisiwani88
Ulibonyeza?

Mama_Fotokopi
Umerudi. Wanne wapo, wa tano hayupo, huyo sikuwa nimebonyeza. Mwl_Chaki alikuwa wa tatu: 4,500.