Mrejesho: Kigiriki kinasonga

Miezi mitatu iliyopita niliwauliza mtu wa Nairobi asiyejua hata herufi moja aanzie wapi Kigiriki, bila kulipa karo. Asanteni. Aliyeniambia nichague kwanza kati ya Kigiriki cha leo na kile cha Agano Jipya aliniokoa, ingawa nilikuwa nimeshanunua kitabu cha mtumba cha kile cha kale. Kimelala kabatini.

Herufi 24 nilizimaliza kwa wiki mbili, ndani ya matatu ya Rongai. Jamu nayo ina faida zake! Na sisi Waswahili tuna bahati: θ ni th ya thelathini, δ ni dh ya dhahabu, γ mbele ya "a" ni gh ya ghali. Kinachonitoa jasho ni tahajia: η, ι, υ, ει na οι, zote husomwa "i". Halafu "ndiyo" yao ni ναι, hutamkwa "ne". Mpaka leo mimi nasikia nne.

Masomo ya sauti ya Language Transfer, ya bure kabisa, ndiyo yamenifaa zaidi. Napakua nyumbani, nasikiliza njiani. Programu ya simu ya Duolingo nimeiachia msamiati tu. Sasa natafuta wa kuongea naye Jumamosi, hata kama naye anababaika.