Mjadala: Je, Ashoka aliwatubia watu wa Kalinga?

Kila Ashoka anapotajwa, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaomwona mfalme aliyemwaga damu kisha akatubu kwa dhati, na wapo wanaosema toba ile ilikuwa hila ya mtawala aliyekwisha kupata alichokitaka. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinaruka jambo lililo wazi juu ya mawe yenyewe.

Kwa asiyekifahamu kisa, Ashoka, mjukuu wa Chandragupta Maurya, mwasisi wa milki ya Maurya ya India ya kale, alitawala kutoka Pataliputra, yaani Patna ya leo, tangu takriban mwaka 268 hadi 232 KK. Mwaka wa nane baada ya kutawazwa aliishinda Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ambayo sehemu yake kubwa sasa ni jimbo la Odisha. Hesabu ya maafa aliitoa mwenyewe katika tangazo la 13 la majabalini, mojawapo ya matangazo aliyoyachongesha kwenye miamba sehemu mbalimbali za milki yake: watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na waliokufa kwa sababu nyingine walikuwa wengi zaidi ya hao. Ni nadra sana mshindi kuchonga hesabu kama hiyo kwa jina lake na kukiri kwamba inamchoma moyo, na kwa hilo tu siafiki kwamba yote yalikuwa hila.

Lakini twendeni Dhauli, huko huko Kalinga. Pale, juu ya maandishi, tembo amechongwa akijitokeza nusu mwili kutoka mwambani, na chini yake matangazo yamefuatana hadi la 10. La 11, la 12 na hilo la 13 hayapo. Jaugada, eneo jingine la Kalinga, hali ni hiyo hiyo. Maneno ya majuto yanasomeka kwingine, kama Shahbazgarhi, katika Pakistan ya leo, takriban kilomita 2,000 kutoka kwa wafiwa.

Wanaomtetea watanijibu kwamba watu wa Kalinga waliwekewa matangazo mawili ya pekee, yenye ile kauli kwamba watu wote ni wanawe, na kwamba humo anawakemea maofisa wa Tosali, mji wa Kalinga, kwa sababu ya watu wanaofungwa bila kosa, akitaja hata kasoro zinazompotosha mwamuzi: wivu, hasira, ukatili, haraka, uvivu, uchovu. Hoja hiyo naikubali, tena naipa uzito mkubwa, maana aliye kizuizini hufaidika zaidi na mwamuzi asiye na pupa kuliko na machozi ya mfalme.

Hata hivyo, Kalinga haikurudishiwa uhuru wake, na hakuna andiko la Ashoka linalotaja waliohamishwa kurejeshwa makwao. Ndani ya tangazo lile lile la majuto anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na kujuta kwake, nguvu ya kuwaadhibu bado anayo. Adhabu ya kifo nayo ilibaki, ila aliyehukumiwa alipewa siku 3 za kusubiri.

Mimi nasadiki kwamba moyo wake uliumia. Ninachokataa ni kuiita hiyo toba kwa watu wa Kalinga, kwa kuwa kwetu anayetubu humwendea aliyemkosea, humwomba radhi, na hurudisha alichochukua. Anayemwita Ashoka Mkuu kwa sababu ya toba hiyo na anijibu: Kalinga ilirudishiwa nini?